Ng'ombe Saba Ndani ya Beseni

Nyinyi mnaotengeneza simu pale karibu na kisima, mnaocheka kioo changu cha jicho moja, leo nitawajibu lile swali lenu. Mmeniuliza mara nyingi kwa nini ndani ya kifuniko cha sanduku langu la kazi nimechora ndimu na kuipiga msalaba mwekundu. Mmoja wenu alidhani ni tangazo la kanisa dhidi ya pombe. Mwingine alisema mzee ana vidonda vya tumbo. Vidonda ninavyo, ni kweli, ila ile ndimu ni habari nyingine. Ile ndimu iliua ng'ombe.

Mimi ni fundi saa. Niseme nilikuwa, maana macho yangu yalistaafu kabla yangu. Kazi nilifundishwa Bukavu na Papa Mulume, mtu mfupi aliyefuga ukucha mrefu kwenye kidole kimoja tu, wa kufungulia vifuniko vya saa. Alikuwa na somo moja, akalirudia miaka minne mizima: saa ina ugonjwa mmoja, nao ni uchafu. Saa inakimbia, uchafu. Saa inachelewa, uchafu. Mteja akisema mkewe amemwacha, Papa Mulume alimtazama kwanza kola ya shati.

"Safisha, njo uangalie," alikuwa akisema, na njo ya kwetu ni ndipo. "Ukiangalia mbele ya kusafisha, unaangalia buchafu, hauangalie saa."

Siku moja nilimpelekea saa niliyoitengeneza bila kuiosha. Ilikuwa inatembea vizuri kabisa. Akaifungua, akachota vumbi la barabarani, akalipuliza ndani, akanirudishia nianze upya. Niliichukia siku ile, lakini somo liliingia. Liliingia mno, kama mtakavyosikia.

Nilikuwa nafanya kazi Bujumbura mambo yalipoharibika. Nikatoka na sanduku la vifaa na kiatu kimoja na nusu, na baada ya safari ambayo sitaki kuisimulia nikajikuta Dzaleka, kambi ya wakimbizi huku Malawi, katikati ya miaka ile ya tisini, kambi ingali changa na majengo yake yakiwa ni ya gereza la zamani. Meza yangu niliiweka kwenye kivuli cha ukuta. Wafungwa walikuwa wamechora pale mistari ya kuhesabu siku zao, kwa hiyo nyuma yangu nilikuwa na kalenda ya bure, ingawa ilikuwa ya mtu mwingine.

Saa za kutengeneza zilikuwa chache. Mtu anayekimbia hakumbuki saa. Anakumbuka kitu kidogo kizito. Basi walianza kuniletea vitu vidogo vizito: pete, jino la dhahabu la marehemu shangazi, medali, sarafu za nchi ambazo mimi sijazisikia. Kwa kuwa nilikuwa na kioo cha jicho, watu waliamini kwamba ninaona bei. Mwanzoni nilikataa. Baadaye nilianza kuamini na mimi.

Na nilikuwa na elimu fulani, msinidharau. Sisi wa Zaire tulifundishwa na maisha kuogopa sufuri. Nimewahi kutumwa mkate mmoja na noti za kuununua tukazibeba watu wawili. Kwa hiyo mtu akiniletea sarafu iliyoandikwa namba ndefu, niliirudisha bila kuipima. Iliyoandikwa moja tu, hiyo nilikaa nayo, kwa sababu nchi inayothubutu kuandika moja juu ya kipande kikubwa cha madini ni nchi iliyokuwa na heshima siku hiyo. Hilo liwekeni akilini, bado linafaa.

Siku moja ya Oktoba, jua la kukaanga mahindi, akaja Nestori amevaa koti zito la sufu. Nestori alikuwa fundi cherehani kutoka milima ya Ngozi, Burundi, kijana mrefu mwenye haya, anayeongea akiangalia vidole vyake vya miguu. Koti lilikuwa na vifungo saba vilivyofunikwa kitambaa, kila kimoja kipana kama saa ya mkono ya mwanaume.

"Papa Fundi," akasema, "nataka uniangalilie hivi vifungo."

"Mi natengeneza saa, kijana yangu. Vifungo ni kazi yako."

Akakata uzi wa kimoja kwa meno, akabandua kitambaa, akanitilia mkononi sarafu nzito nyeusi.

Babu yake alikuwa muunga mifupa. Zamani alimuunga mguu padri mmoja mwenyeji wa Mexico aliyeangushwa na pikipiki, na padri, kwa kukosa kingine, akamlipa sarafu saba za kwao alizorithi kwa baba yake. Babu akazifukia chini ya mafiga. Wakati wa kukimbia Nestori alizifukua, akazishona ziwe vifungo, akavuka nazo mipaka miwili. Askari mmoja alimwambia kwamba kwao hata vichaa hawavai vifungo vikubwa hivyo, akampitisha kwa huruma.

Nikaivaa lenzi yangu. Upande mmoja kulikuwa na tai amesimama juu ya mmea wa miiba, nyoka mdomoni. Upande wa pili, kofia, na miale ya jua inatoka kila upande wa kofia. Chini yake maandishi: UN PESO, mwaka wa mwanzo kabisa wa karne, herufi ndogo ndogo, na mwishoni namba 902.7. Weusi wake haukuwa wa masizi. Ukiugeuza juani ulitoa buluu kidogo, na pembeni zambarau. Niliuona weusi huo, wanangu. Niliuona kwa jicho langu, na nikaona uchafu.

"Sasa unataka nini, niuze?"

"Hapana kuuza, Papa. Nataka useme iko ng'ombe ngapi."

Hapo ndipo nilipoambiwa habari yote. Nestori alimpenda Jenerose, binti wa Mzee Kabura. Mzee Kabura alikuwa ameacha ng'ombe kumi na tisa Burundi, na kila asubuhi alikaa nje ya nyumba yake akiwaita kwa majina, mmoja mmoja, kisha ndipo anywe uji. Dzaleka hapakuwa na ng'ombe wala pa kumfunga, lakini mzee alisema binti yake hatoki kwa maneno matupu. Ng'ombe saba, au kitu cha ng'ombe saba, na mtu mwenye kujua vitu aseme thamani yake mbele ya watu. Tena palikuwa na mchumba mwingine, muuza nyanya wa mji wa Madisi, mwenye baiskeli na mbuzi aliye hai. Wote wawili wangefika Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na siku hiyo mzee angeamua.

Kwa hiyo ndoa ya watu wawili ilikuwa imening'inia kwenye mdomo wangu. Nilipaswa kuogopa. Badala yake nilifurahi kama mtu aliyeitwa kutabiri mvua.

Nilianza vizuri, lazima mnikubalie hilo. Kwanza mlio. Weka sarafu juu ya ncha ya kidole, igonge pembeni na nyingine: madini ya fedha huimba na kuendelea kuimba, shaba iliyochanganywa inasema tak, imemaliza. Saba zote ziliimba. Pili sumaku, niliyoing'oa kwenye spika ya redio iliyokufa. Haikuzivuta hata kidogo. Tatu uzito. Mizani niliitengeneza kwa vifuniko viwili vya kopo la dawa ya viatu na mnyororo wa saa, na mawe ya mizani yalikuwa maji. Nesi alinipa bomba la sindano lililochemshwa. Mililita moja ya maji ni gramu moja. Hiyo haijabadilika tangu Mungu aumbe maji, na hata serikali ya Zaire haikuweza kuikata sufuri. Kila sarafu ilikaa sawa na mililita ishirini na saba.

Ile namba 902.7 ndiyo ilituletea fujo. Nestori aliisoma akaruka.

"Papa, kumbe imeandikwa! Ng'ombe mia tisa na mbili!"

"Na ile nukta saba?"

Akafikiri. "Labda ni ndama."

Nikamwelewesha kwamba namba kama hizo niliziona ndani ya vifuniko vya saa za zamani: katika sehemu elfu moja za sarafu hii, mia tisa na mbili na kitu ni fedha tupu. Alisikiliza kwa adabu, lakini niliona amewapenda zaidi wale ng'ombe mia tisa.

Kufika hapo nilikuwa fundi mzuri. Ningefunga sanduku siku ile ningebaki fundi mzuri.

Nestori ndiye aliyesema kwamba kwa mkwe hupeleki kitu kichafu. Kwao hata kuku wa ukweni anaoshwa miguu. Kwetu Bukavu pia, viazi vya ukweni vinasuguliwa hadi vinaona haya. Basi mila yake na somo la Papa Mulume vikakutana juu ya meza yangu, na hakuna aliyekuwepo wa kuvitenganisha. Nikaomba beseni, majivu laini ya jikoni na ndimu mbili. Nilisugua kwa soksi, asubuhi nzima, huku naimba. Wanawake waliotoka kisimani walisimama kutazama. Sarafu ziliingia nyeusi zikatoka nyeupe, zinang'aa mpaka mtu angeweza kujinyolea ndevu ndani yake. Nestori aliishika moja, akajiona uso, machozi yakamtoka. Maji meusi niliyamwaga mwenyewe kwenye shina la mpapai.

Zilibaki siku nne. Nikasema, bei haisemwi kwa kubahatisha, twende Lilongwe. Tukapanda matola, pikapu ya kubeba watu, tukakaa juu ya magunia ya kabichi, sarafu zikiwa zimefungwa kwenye leso ya Jenerose.

Benki ya kwanza tulipoingia, karani alitazama orodha yake ya fedha za kigeni kwa muda mrefu. Akasema peso haimo, ila yeye binafsi alisoma gazetini kwamba Mexico wamekata sufuri tatu, kwa hiyo peso moja ya zamani ni sehemu ya elfu ya peso mpya. Akapiga hesabu kwa kalamu nyuma ya karatasi. Jibu lilikuwa kwamba sarafu zetu saba, zote pamoja, hazifiki tambala tano, yaani senti tano za Malawi. Alitushauri kwa upole tusizipoteze. Na mimi, mtu wa Zaire, mwalimu wa sufuri, nilimwelewa kabisa, jasho likanitoka. Ila nikajiuliza: sufuri inakatwa kwenye karatasi, utaikataje kwenye gramu ishirini na saba? Hilo nalo liwekeni: bei iliyoandikwa juu ya sarafu ni ya serikali, bei ya madini ni ya mizani.

Sonara mmoja wa mtaa wa maduka alizikwaruza pembeni, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akataja bei ya uzito. Kisha akasema kuna bei ya tatu, ambayo yeye haijui, na akatuelekeza mtaa wa Area 18 kwa mzungu mmoja mstaafu, mpima ardhi, anayekusanya sarafu. Tulikwenda kwa miguu. Njiani Nestori alitembea akiwa ameshika leso kwa mikono miwili.

Mpima ardhi alikuwa amefanya kazi Tanganyika ujanani, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko chetu, kitu kilichonitia aibu kidogo. Alitukaribisha barazani, akatupa chai. Nikafungua leso kwa madaha juu ya meza yake. Jua likapiga pale, wote watatu tukafumba macho.

Mpima ardhi akaziinamia. Akaweka kikombe chini.

"Nani aliyeziosha?"

"Mimi," nikasema, nikingoja sifa.

"Kwa nini?"

"Zilikuwa chafu."

Yule mzee alitoka kwenye kiti akaenda kukaa kwenye ngazi ya baraza, ametupa mgongo. Niliona mabega yake yanapanda na kushuka. Baadaye akaingia ndani, akarudi na kisanduku, akatoa sarafu moja: tai, nyoka, kofia, miale. Ilikuwa nyeusi, yenye buluu na zambarau pembeni.

"Hii ni ndugu wa zako," akasema. "Rangi hii huja polepole, yenyewe, kwa miaka tisini. Haitengenezwi. Mnunuzi hanunui fedha, ananunua miaka hiyo. Wewe umeipangusa kwa nini?"

"Kwa soksi," nikasema.

Nestori akauliza jambo moja tu. Aliuliza, zingekuwa kama ile, kila moja ni ng'ombe wangapi. Mpima ardhi hakucheka. Alifikiri kwa makini, akauliza bei ya ng'ombe Dowa, wilaya ya kambi yetu. Akasema kila moja ingekuwa ng'ombe mzuri, na hii yenye herufi hizi mbili ndogo, za kiwanda kilichotoa chache, ingekuwa ng'ombe na ndama wake. Na sasa? Akazikusanya zote mkononi, akazipima kwa kuzirusharusha. Mbuzi watatu, akasema. Wanne, kama mnunuzi ni mwema.

Ndivyo ilivyokuwa. Ng'ombe saba na ndama waliingia ndani ya beseni langu, wakatoka mbuzi watatu.

Kurudi kulikuwa kugumu. Matola ilibeba samaki wakavu, na mimi sikusikia harufu yao. Nestori hakunilaumu, na afadhali angenilaumu. Tulipokaribia njia ya kuingia kambini ndipo akasema:

"Papa, huku hakuna mutu anajua. Sema saba."

Nilitaka kusema saba, wanangu. Nililitaka jambo hilo kwa moyo wote. Nani Dzaleka angenipinga? Mwenye kioo cha jicho alikuwa mimi.

Kesho yake Jenerose alikuja mezani kwangu na saa mbovu ya jirani, kisingizio tu. Msichana mdogo wa umbo, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe kutoka kilima cha pili. Nestori alikuwa amemwambia yote.

"Papa Fundi, utasema ngapi?"

"Bwana wako anataka niseme saba."

"Ukisema saba na iko mbuzi tatu, siku moja baba atajua. Atapeleka moja sokoni, watamucheka. Siku ile hapana wewe utarudishwa nyumbani. Ni mi." Akachukua ile saa mbovu. "Nampenda Nestori. Lakini sitaki kukaa kwake kama kitu cha kuiba."

Jumamosi ikafika. Mbele ya nyumba ya Mzee Kabura walipanga mabenchi ya kanisa. Muuza nyanya alikuwa upande wa kushoto, baiskeli imefungwa utepe mwekundu, mbuzi amefungwa kwenye baiskeli. Nestori upande wa kulia na katekista, aliyekuwa msemaji wake. Katikati, juu ya ungo, sarafu saba.

Kwa Warundi ng'ombe wa mahari hapokewi kimyakimya. Anakaguliwa. Mzee Kabura akainuka na fimbo yake, akauzunguka ungo mara mbili. Akainama.

"Oya," akasema, yaani hapana. "Iko na nyoka. Nyoka haingie kwangu."

"Muzee, angalia vizuri," katekista akamjibu. "Nyoka iko anakufa. Ndege anamukula."

"Bado hajakufa."

"Ni miaka makumi tisa iko anakufa, muzee."

"Basi ile ndege ni mvivu."

Watu walicheka, lakini yeye hakuwa anacheka. Akanigeukia. Dume ngapi, jike ngapi? Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali ya madini. Nikasema zote jike. Zina mimba? Nikasema sijaona dalili. Akatikisa kichwa, ameridhika kwamba mtaalamu hajivuni.

"Sasa fundi aseme."

Nilisimama. Nestori alikuwa anaangalia vidole vyake vya miguu. Jenerose alikuwa mlangoni, ananiangalia mimi. Nikaanza na mlio, nikaja kwenye sumaku, nikaeleza bomba la sindano kwa urefu ambao hakuna aliyeuhitaji. Kisha maneno ya kujificha yakaniishia.

"Muzee, hizi zilikuwa ng'ombe saba, na moja na mutoto yake. Mi mwenyewe nilizichukua, nikaziosha. Sasa ni mbuzi tatu."

Mbuzi wa Madisi aliacha kutafuna utepe.

"Rudilia," akasema Mzee Kabura.

Nikarudia.

"Ng'ombe ukimuosha, anapunguka?"

"Hapunguke, muzee."

"Sasa?"

"Hii ni ng'ombe ya bazungu, muzee. Ukimuosha anapunguka."

"Mulimuosha kwa nini?"

"Juu alikuwa anakuja kwako," nikasema. "Hatukutaka aje mbele yako na buchafu."

Muuza nyanya aliona nafasi yake, akamvuta mbuzi mbele akasema yeye ana mbuzi mmoja ambaye haosheki na baiskeli juu yake. Mzee Kabura alimwashiria anyamaze. Akakaa. Akaegemea fimbo muda mrefu, midomo inacheza, na mimi nilijua anawaita wale kumi na tisa kimoyomoyo kama anayeomba shauri. Hatimaye akauliza Nestori alipata wangapi kwa babu yake. Saba, akajibiwa. Na alimpa nani awachunge? Katekista akanielekeza kidole.

"Basi," akasema mzee, "ng'ombe akifa mukononi ya muchungaji, muchungaji njo analipa, hapana bwana-arusi. Nestori alileta saba, nimepokea saba. Anaenda na bibi yake. Ile ine iliyokufa," akanigeukia mimi, "nitakula kwako." Kwenye saba alikuwa ametoa wale mbuzi watatu, na sikuthubutu kumsahihisha hesabu.

Jenerose alipiga kigelegele mwenyewe, jambo ambalo bibi arusi hafanyi, na mama zake wakalazimika kumfuata. Muuza nyanya alikaa hadi chakula. Alikuwa kijana mwema, alibeba wazee wawili nyumbani kwa baiskeli.

Mimi nilihukumiwa kutengeneza saa ya Mzee Kabura mpaka ng'ombe wanne waishe. Mnasema, kazi rahisi. Saa yenyewe ilikuwa imesimama tangu Burundi, na yeye aliivaa hivyo hivyo. Nilipoifungua nikaona kipande kimevunjika, chembamba kuliko unywele wa ndevu, na hakikupatikana Malawi nzima. Nikakichonga kutoka kwenye sindano ya cherehani ya Nestori, kwa jiwe la kunolea, siku tatu. Nawaambia jinsi ya kufanya, ingawa hamtafanya: pasha sindano mpaka iwe buluu, iache ipoe yenyewe, ndipo itakubali kuchongwa. Nikaitia. Saa ikatembea. Jumanne ikafa.

Jumamosi iliyofuata mzee akaja saa nne, akakaa kwenye kiti cha wateja, akanyoosha mkono. Nikachonga kingine. Jumanne ikafa. Hivyo ndivyo tulivyoishi, wanangu, miaka kumi na mmoja. Jumamosi tunaifufua, Jumanne inakufa. Wakati nachonga, yeye alinisimulia ng'ombe wake, mmoja kila Jumamosi. Walipokwisha wote kumi na tisa alianza tena wa kwanza, na mimi nikamkosoa alipokosea rangi. Nestori na Jenerose walikuwa na watoto wanne wakati huo.

Halafu Jumamosi moja alikuja na kopo la ugoro. Akalifungua juu ya meza yangu. Zilikuwamo zote saba. Alikuwa amezihifadhi darini, juu ya moshi wa jiko, na hakuruhusu mkono wa mtu uziguse. Zilikuwa nyeusi.

"Angalia," akasema. "Buchafu imerudi. Leo ziko ng'ombe ngapi?"

Nikavaa lenzi. Siku ile Area 18 mpima ardhi alikuwa ameniambia pia kwamba weusi wa pili si weusi wa kwanza. Mnunuzi anayejua ataona chini yake mikwaruzo, na hatoi ng'ombe. Niliiona mikwaruzo. Niliiona mmoja mmoja, juu ya tai, juu ya nyoka, ndani ya kofia, mistari myembamba ya majivu. Niliichora mimi, naimba. Zilikuwa mbuzi watatu, kama zilivyokuwa.

Nilikagua zote saba taratibu, maana mzee alistahili kukaguliwa mali yake polepole. Nikatoa lenzi.

"Saba, muzee. Bamerudi bote."

Katika kazi yangu yote hiyo ndiyo bei moja ya uongo niliyowahi kutoa, na mkitaka kunivua ufundi kwa ajili yake, nivueni.

Mzee Kabura alifunga kopo. Alichukua muda kulifunga. "Basi deni yako imekwisha, fundi," akasema, akanipa mkono kwa mikono miwili, akaondoka. Nilikaa pale hadi mchana bila kufungua sanduku.

Jumamosi iliyofuata, saa nne, nilimkuta kwenye kiti cha wateja kabla yangu, mkono ameshaunyoosha.

"Muzee, deni imekwisha," nikamwambia.

"Najua. Lakini saa haitembei."

Nikaifungua.